Bati Linalotekenya

Ninyi mnaoanza kazi ya laini za umeme mna bahati moja ambayo sisi hatukuwa nayo. Mnafundishwa kuogopa tangu siku ya kwanza. Sisi tulifundishwa kujikaza. Nilipoingia kazini kule Urambo, fundi aliyenipokea, Mzee Mihayo, alinivalisha mkanda wa ngozi uliokwisha kukatika mara mbili na kushonwa mara mbili, akanionyesha nguzo ya mti, akasema, "Panda. Ukifika juu uniambie unaona nini." Nikapanda. Nikamwambia naona Urambo yote mpaka stesheni. Akasema, "Haya, sasa tazama chini." Nikatazama chini, nikajikojolea. Alicheka mpaka akakaa kitako, halafu akanipa maji ya kunywa na kuniambia kwamba siku nitakayoacha kuogopa nimrudishie mkanda wake, nikalime tumbaku.

Huyo ndiye aliyenifunza karibu kila ninachokijua. Yeye alikuwa na tabia ya kugusa waya kwa mgongo wa mkono. Alisema umeme ukikupiga, kiganja hujifunga na kushika waya kisiachie, bali mgongo wa mkono hurushwa nje. Msimuige. Mzee Mihayo alikuwa na vidole saba.

Mimi nilinunua testa, ile kalamu yenye kitaa kidogo ndani, na nikatembea nayo mfukoni mwa shati miaka yote, hata kanisani. Mke wangu aliichukia kwa sababu ilitoboa mashati. Nimepanda nguzo za mti, nguzo za chuma na nguzo za zege, nimeziona zile gari zenye kikapu zinazomwinua fundi kama mgeni rasmi, na nimefanya kazi na vijana wanaopiga picha kila wakifika juu. Hayo yote nitawasimulia siku nyingine mkitaka, na mengi yanachekesha. Leo nataka kuwaambia habari ya jioni moja ya Tabora. Sijawahi kuisimulia hadharani. Mke wangu anaijua nusu.

Zilikuwa zimebaki kama miaka miwili nistaafu. Kampuni ya ukandarasi niliyofanyia kazi ilituita mafundi wa wilaya zote kwenye mafunzo ya usalama ya siku tano, Tabora mjini. Nilinuna sana. Nywele zimeshakuwa nyeupe, naitwa nikafundishwe kuvaa glavu! Mwalimu wetu alikuwa mhandisi wa kike, umri wa binti yangu wa tatu, na alitufundisha kwa picha za ukutani na mdoli wa mpira aliyelala sakafuni. Tulimkandamiza yule mdoli kifua kwa zamu, tukijifunza kuokoa mtu aliyepigwa na umeme, na wazee wenzangu walimwita yule mdoli shemeji. Mwalimu hakucheka. Siku ya pili alitusomesha kanuni moja mpaka tukaikariri: usiguse laini isiyo ya eneo lako bila kibali. Hiyo kanuni ni nzuri, nami nilikuja kuitumia vibaya kabla jua halijazama.

Gesti nilipangiwa chumba na Kondo. Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyefanyia kazi Nzega, mtu wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mdomo haupumziki. Mimi Mnyamwezi. Mnajua mambo ya watani. Babu zetu walipobeba mizigo ya misafara kwenda pwani walipita kwa babu zao, wakaombana maji, wakazikana njiani, na tangu hapo Mzaramo na Mnyamwezi hutukanana bila kesi. Asubuhi Kondo aliniamsha kwa kusema, "Mpagazi, amka, mzigo unakungoja." Nami nilimwambia afunge mdomo, harufu ya nazi inaniumiza kichwa. Tulielewana sana.

Siku hiyo ya pili tulitoka darasani saa kumi na nusu. Kondo akasema, "Twende ukanionyeshe njia waliyopita babu zako wakibebeshwa meno ya tembo." Nikamwambia twende, na mwisho wake nitamnunulia kuku wa kuchoma, maana Uzaramo hawamjui kuku. Tukaanzia stesheni, tukapita sokoni penye asali kwenye chupa za soda, tukapanda mpaka karibu na boma la zamani, tukashuka kwenye nyumba za Waarabu zenye milango mizito. Tuliuliza watu njia ya misafara ilipita wapi, na kila mtu alituelekeza upande wake. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Ardhi ilikuwa imepasuka, vumbi jekundu limepanda mpaka kwenye nyusi, na mbinguni hapakuwa na wingu.

Watu wakizunguka mji hutazama maduka. Fundi wa laini hutazama juu. Nakumbuka nguzo za Tabora kuliko nyumba zake, na ndiyo maana tulipofika mtaa mmoja wa pembezoni, wa nyumba za matofali ya tope, nilikuwa tayari nimeshaona waya uliotoka kwenye nguzo ukapita juu ya nyumba isiyo yake kwenda kwenye kibanda cha kinyozi. Ile ilikuwa kazi ya kishoka, fundi wa mitaani asiye na kibali. Waya ulilala kwenye ncha ya bati la ile nyumba, na upepo wa kiangazi kizima ulikuwa umeusugua.

Mbele ya nyumba hiyo aliketi mama mmoja na ungo wa karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Alikuwa wa umri wangu hivi, mnene kidogo, kanga kifuani, miguuni kandambili.

"Shikamoo mama," Kondo akasema.

"Marahaba baba. Karibuni karanga."

Mimi nikamsalimia kwa Kinyamwezi. Uso ukamchanua. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Urambo, akasema mama yake alizaliwa Urambo, na papo hapo nikawa ndugu. Aliitwa Mama Shija.

"Na huyu uliyekuja naye?"

"Huyu Mzaramo."

"Hee! Mtani wangu!" Akavuta ungo na kuukumbatia. "Basi leo karanga zangu zimekwisha."

Kondo akaketi chini bila kukaribishwa, akachota karanga, akasema amekuja kuchukua urithi wake. Jirani wawili watatu wakasogea kusikiliza. Kulikuwa na raha pale, msinielewe vibaya. Mama Shija alimjibu neno kwa neno, na mara moja aliponyanyuka kwenda kumletea maji, mkono wake ukagusa ukingo wa bati, maana paa lilikuwa chini. Akauvuta mkono na kucheka.

"Hata nyumba yangu ina utani," akasema. "Bati linatekenya. Ukiligusa linakutekenya, wiki ya tatu hii."

Nikainuka. Nikatoa testa, nikaigusisha kwenye bati, nikaweka kidole nyuma yake. Kitaa kikawaka chekundu.

Hapa nawaomba msikilize kwa masikio ya kazi. Bati lile lilikuwa na umeme wote wa ile laini. Halikumuua kwa sababu lilikaa juu ya fito na matofali ya tope yaliyokauka, na yeye alivaa mpira miguuni juu ya ardhi kavu. Umeme ulikosa njia ya kuteremka, ukawa unamtekenya tu. Kutoka kwenye bati hilo alikuwa amefunga waya mtupu wa kuanikia nguo, umekwenda mpaka kwenye mti uliosimikwa uani, na nguo zilikuwa zimeanikwa. Kilichokosekana pale kilikuwa ni maji tu.

Kondo alikiona kitaa. Karanga zikamponyoka.

"Mama," akasema, "fungua ule waya wa nguo. Sasa hivi. Na mwambieni kinyozi azime umeme wake. Mvua ikinyesha, bati hili litakuua."

Mama Shija akapiga makofi. "Umeshaanza! Unataka kunizika ule ubwabwa wangu?"

"Sitanii, mama. Nasema kweli."

"Mzaramo na kweli walikutana wapi?"

Majirani wakaangua kicheko. Kondo akasimama, akaelekea kwenye ule waya, na Mama Shija akamzuia mlangoni kwa mwiko, anacheka mpaka machozi, anamwita mwizi wa kanga. Kisha akageuka kunitazama mimi. Ilikuwa mara moja tu, na kicheko kilikuwa bado mdomoni mwake, lakini macho yalikuwa yameacha kucheka. Alikuwa ananiuliza.

Nami nikamwita kwa neno letu la mama, nikasema, "Mayu, usimwachie. Anautaka waya huo akauze chuma chakavu."

Watu wakacheka upya. Hata mimi nilicheka. Utani ulikuwa umefika patamu na sikutaka niwe mzee wa kuuharibu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na ni ya aibu. Ya pili ni kwamba nilikuwa na njaa, na nikijua kwamba nikisema neno moja la kikazi tutakesha pale, kutafuta kinyozi, kugombana naye, kupiga simu na kungoja gari. Na mbingu zilikuwa nyeupe. Nikajiambia mvua bado wiki mbili.

Nikamshika Kondo mkono. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Si eneo letu. Hatuna kibali. Leo hii tumefundishwa. Kesho asubuhi nitampa mwalimu taarifa, watakuja wenye eneo."

Tukaondoka. Mama Shija akatufunga karanga kwenye gazeti, akampa Kondo, akamwambia asirudi.

Kondo hakutania tena njia nzima. Tulipofika kwenye kuku akasema, "Mimi asingenisikia hata ningelia. Wewe ungesema, angekusikia."

"Nitasema kesho."

"Piga simu sasa."

"Kondo, nani anapokea simu saa hizi? Kula."

Tukala. Kuku alikuwa mzuri. Nasikitika kuwaambia kwamba nakumbuka alivyokuwa mzuri.

Alfajiri nilisikia tone moja juu ya bati la gesti. Halafu mawili. Halafu mvua yote ikashuka kwa mkupuo kama inavyofanya Tabora ikikosea tarehe. Nikaketi. Kondo alikuwa ameshaketi, anafunga viatu. Mvua ya kwanza siku zote hukata umeme, kila fundi anajua, na watu hututukana kwa hilo. Nikafungua mlango nikatazama taa ya korido, nikiomba izimike. Ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

Tulipata pikipiki moja, tukapanda watatu. Nilimwambia dereva akimbie, na njia nzima niliona watu milangoni na mabeseni. Ninyi wa mjini labda hamjui raha ya mvua ya kwanza. Baada ya miezi sita ya vumbi mtu haulizi, anatoka kama alivyolala, miguu mitupu, anakinga maji kwenye michirizi ya bati, anaanua nguo mbio mbio.

Ndivyo alivyofanya Mama Shija. Beseni lilikuwa limeshajaa nusu. Yeye alilala ubavu kando yake, kanga ya kuanuliwa bado iko mkononi, na ule waya uko mkononi pamoja na kanga. Kinyozi alikuwa analia kwa sauti. Majirani walimshikilia binti mmoja aliyekuwa akijitupa mbele kwenda kumwinua mama yake. Hapo ndipo nilipopata sauti. Nilipiga kelele mtu asimguse, nikakimbilia kwenye nguzo nikazima swichi kuu ya kinyozi, ambayo kishoka aliifunga hapo chini, nikapima, nikapima tena, nikamtoa waya mkononi. Kazi safi kabisa. Kondo akapiga magoti kwenye tope akaanza kumkandamiza kifua, akihesabu kama tulivyofundishwa. Alihesabu mpaka kukapambazuka. Mzee mmoja akamgusa bega akamwambia, "Inatosha, baba." Akaendelea. Ikabidi nimshike mikono.

Watu walitushukuru. Sijui mtaielewaje hiyo. Walisema Mungu ametuleta, kama si sisi binti naye angekufa. Darasani mwalimu alikuwa ameshapata habari, akatusimamisha mbele, akasema huo ndio uharaka unaotakiwa, wenzetu wakatupigia makofi. Kisha akachora nyumba ubaoni, akauliza nani aeleze kwa nini bati halikuua wakati wa kiangazi. Nikanyoosha mkono. Nikaeleza yote, ardhi kavu, matofali, kandambili, maji. Akasema vizuri sana. Kondo alikuwa anatazama dirishani.

Mazishi yalikuwa kesho yake mchana. Mwalimu alituruhusu twende. Kwaya ya Moravian iliimba, mchungaji akasoma, na wakati jeneza likiwa bado ukingoni mzee wa ukoo akauliza kama yupo mtani, maana mnajua, msiba wetu bila mtani huwa umepooza. Mtani hujilaza kaburini, humwiga marehemu, huwachekesha waliolia tangu jana ili wapate kupumua. Jirani mmoja akamtambua Kondo.

"Mzaramo si huyu hapa! Alikuja kula karanga zake juzi!"

Wakamsukuma mbele. Alisimama juu ya udongo mbichi, mikono imening'inia. Watu wakaanza kutabasamu, wakidhani anamwiga mtu.

"Mimi nilimwona juzi," Kondo akasema. "Nilijua atakufa."

Kicheko kidogo kikapita.

"Nilijua kabisa. Nikamwacha, nikaenda kula kuku."

Wakacheka. Wanawake waliokuwa wamevimba macho wakajifunika kanga usoni, mabega yakitikisika. Mzee wa ukoo alijipiga paja.

"Sitanii," Kondo akasema. "Jamani, sitanii. Tulipima bati. Tuliona taa. Tukaondoka."

Kadiri alivyosema ndivyo walivyocheka. Alikuwa analia na wao wakaona ni ufundi wa utani. Kisha akanitazama, kama Mama Shija alivyonitazama. Nilikuwa Mnyamwezi mwenzao, mzee, fundi. Ningesimama tu, nikasema ndugu zangu, huyu anasema kweli, wangenyamaza wote. Nilitazama viatu vyangu. Kondo akashuka kwenye udongo, mtu akamsifu na kumpiga bega.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu na nimelitafutia visingizio vyote. Kanuni ya kibali, kishoka, hali ya hewa, utani wenyewe. Kanuni haikunikataza kusema, vijana. Haikunikataza kupiga simu, wala kumwambia mama wa watu avae viatu na asiguse. Sikufungua mdomo kwa sababu nilikuwa naona raha, na mara ya pili kwa sababu nilikuwa naona aibu. Siku hizi mna namba za dharura, mna vikundi vya simu, mnaweza kuupiga picha waya na kuituma mkiwa mmesimama pale pale. Hakuna hata kimoja cha hivyo kitakachokusemea. Mtakuwa na njaa, mtakuwa na wenzenu mnacheka, mtakuwa nje ya eneo lenu, na mtu atawageukia.

Baada ya kuzika tulirudi nyumbani kwa marehemu kunawa mikono. Bati lilikuwa limekatiwa umeme na mtu ameung'oa ule waya wa nguo. Binti yake, Shija, ndiye aliyeshika jagi, anawamwagia watu maji mmoja mmoja. Nilipofika mimi alisita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Wewe ndiye Mnyamwezi uliyepita hapa na yule Mzaramo?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Ndiye mimi."

Akanimwagia maji. Alimwaga polepole, bila hasira, huku akitazama mikono yangu.

"Nilirudi kutoka kazini magharibi nikamkuta anacheka peke yake. Akanisimulia yote, testa na nini. Mimi niliogopa. Nikamwambia, mama, tuufungue huo waya, usiku huu huu. Nikachukua kisu. Akaninyang'anya. Akasema niache woga, ingekuwa ni kweli, yule wa kwetu angesema."

Maji yakaisha kwenye jagi. Akaenda kuchota mengine kwa ajili ya waliokuwa nyuma yangu.